Lenzi ya Jicho: Safari Inayoanzia Tumboni



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakitumia na hakioni: lenzi ya jicho.

Mimba ikifika wiki ya nne hivi, ubongo wa kiinitete huchomoza vifuko viwili, kimoja kila upande. Kifuko kikigusana na ngozi ya nje, ngozi hapo huwa nene, kisha hubonyea ndani kama unga uliobonyezwa kwa kidole, mwisho hujifunga na kujitenga. Sasa pana kijipira kitupu. Seli za nyuma hurefuka zikawa nyuzi na kukijaza. Za mbele hubaki tabaka jembamba, nalo huzaa nyuzi mpya maisha yote. Nyuzi zikikomaa hutupa kiini chao na kila kinachozuia mwanga, ndipo lenzi ikawa angavu. Na zile za katikati hazibadilishwi. Babu wa miaka 80 bado anatazama kupitia nyuzi alizoumbwa nazo tumboni mwa mamake!

Ngozi ilijuaje kuwa ni zamu yake? Mwaka 1901 Mjerumani Hans Spemann aliunguza chanzo cha kifuko hicho katika viinitete vya chura. Upande ule lenzi haikutokea. Manake ilikosa jirani wa kuiamsha.

Je, lenzi ikitolewa huota tena? Kuna nyuti, mnyama wa majini afananaye na mjusi. Yeye huota lenzi mpya kutoka ukingo wa juu wa ile duara ya rangi izungukayo mboni. Watafiti walimtoa lenzi mara 18 kwa miaka 16, na matokeo yao ya 2011 yalionyesha ya mwisho ni nzima kama ya kijana. Sisi hatuna uwezo huo. Lakini mwaka 2016 madaktari China walieleza habari za watoto 12 wenye mtoto wa jicho: waliitoa lenzi kupitia tundu dogo, wakauacha mfuko wake na lile tabaka la mbele, na lenzi ikaota upya.

Hebu sasa turudi nyumbani. Mwaka 1941 daktari Norman Gregg wa Australia aligundua kuwa mama akipata rubela mimba ikiwa changa, mtoto huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Chanjo ipo, na Kenya iliianza 2016. Basi mabinti wachanjwe kabla ya kushika mimba, si wakati wa mimba.

Na wewe mzazi, ukiona weupe ndani ya mboni ya mwanao, usingoje arubaini wala usikubali kuambiwa "itapotea yenyewe". Mpeleke hospitali upesi. Ubongo hujifunza kuona miezi ya mwanzo, na ukikosa nafasi hiyo, hata upasuaji mzuri baadaye huenda usimrudishie macho kamili.