Barua Zetu za Kompyuta Zinapotelea Wapi?

(Maneno yaliyosemwa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kariobangi, Nairobi)



Mwaka jana kikundi kimoja cha Kayole, ambacho sasa ni kampuni ya kushona sare, kilikosa oda ya shule. Barua ya bei ilitumwa mapema, lakini mwalimu mkuu aliapa hakuiona. Baadaye ilikutwa kwenye kapu la barua taka. Na akina mama walikuwa wameshakopa pesa za kitambaa!

Kampuni hiyo iliweka seva yake yenyewe ya barua pepe pale ofisini, na jina lake linaishia .co.ke. Barua za wateja zilikuwa zikiingia vizuri, basi kila mtu akadhani kazi imekwisha. Kumbe mlango wa kuingilia ulikuwa tayari, wa kutokea bado.

Sikieni sasa. Jina la intaneti lina rekodi zake, kama vile ploti ilivyo na namba. Rekodi ya A husema seva iko kwenye namba gani. Rekodi ya MX husema barua zetu zipelekwe kwa seva ipi, nayo huandikwa jina la seva, kamwe si namba. Hizi mbili zatosha kupokea.

Kutuma ni habari nyingine. Seva ya mpokeaji huuliza: huyu anayebisha hodi ni nani? Huchukua namba yetu na kutafuta jina lake. Rekodi hiyo huitwa PTR, na ndiyo iliyowashinda wa Kayole, kwa sababu kwa kawaida haiwekwi na wakala aliyekuuzia jina. Huwekwa na yule anayekuuzia laini ya intaneti, na ni lazima akupe namba ya kudumu. Msione haya kumwandikia.

Halafu kuna SPF, mstari mmoja unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina letu. Wenye seva moja tu huandika: v=spf1 mx -all. Na DKIM ni muhuri ambao seva hugonga kila barua. Kwenye rekodi huwekwa ufunguo wa kuukagua. Mnajua wenyewe barua ya kikundi isiyo na muhuri inavyotazamwa kwa chifu! Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya, na barua isiyoyatimiza yaweza kukataliwa kabisa.

Mimi kikundi kidogo ningekishauri kikodi huduma ya barua kwanza. Seva yataka mtu wa kuiangalia, na stima nayo mnaijua.

Majina ya .ke husimamiwa na KENIC, lakini tunayanunua kwa mawakala na kuyalipia yasije yakakatwa. Hakikisheni jina limeandikishwa kwa kampuni, si kwa kijana aliyewasaidia, hata awe mwema namna gani.

Wale wa Kayole walipopata PTR walituma barua tena, ikafika. Oda ilikuwa imekwenda kwa wengine. Kitambaa bado kiko stoo, wanangoja shule zifunguliwe Januari.