Uzi wa Merikani

Leo naanza na neno walilolizoea bibi zetu: merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu kikiwa kipya, laini kikishafuliwa. Kimeitwa kwa jina la nchi kilikotoka. Basi tuufuate uzi wake hadi ulikoanzia.

Kando ya mto Blackstone, mjini Pawtucket, jimbo la Rhode Island, Marekani, lipo jengo la mbao la rangi ya manjano, lenye mnara mdogo wa kengele. Lilijengwa mwaka 1793. Leo ni makumbusho. Zamani lilikuwa kiwanda cha kusokota uzi kwa nguvu ya maji.

Fundi wake alikuwa Samuel Slater, Mwingereza. Sheria ya kwao ilikataza kutoa nje siri za mashine za nguo. Yeye aliondoka kimyakimya mwaka 1789, kijana wa miaka 21, siri zote kazibeba kichwani. Mwaka uliofuata, kabla hata ya jengo lile kujengwa, mashine zilikuwa zinazunguka Pawtucket, kwa fedha za mfanyabiashara Moses Brown.

Zilizungukaje? Maji ya mto yaliingizwa mferejini, yakasukuma gurudumu kubwa. Gurudumu likazungusha mihimili, mihimili ikavuta mikanda, na mikanda ikazizungusha pia za kusokotea uzi zote kwa pamoja. Lakini uzi ukikatika, maji hayawezi kuuunga. Hapo palihitajika vidole vidogo. Wafanyakazi wa kwanza wa Slater walikuwa watoto 9, wenye umri wa miaka 7 hadi 12.

Na pamba yenyewe ililimwa na watumwa. Hapa, ndugu zangu, ndipo ninapoumia. Moses Brown aliwaacha huru watumwa wake mwaka 1773, akaupinga utumwa hadharani. Lakini kiwanda alichokigharamia kiliishi kwa jasho la watumwa wa wenzake.

Viwanda vya kusokota na kufuma vikaenea kwenye mito ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mwaka 1824 wenye viwanda wa Pawtucket walipotaka kupunguza ujira wa wafumaji, wanawake waligoma. Mwaka 1833 Marekani ikafunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na majahazi ya bandari ya Salem, huko huko New England, yakawa yanashusha merikani Unguja na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Misafara ya wapagazi ikaibeba mabegani hadi bara, ambako kitambaa kilikuwa ndiyo fedha.

Mwaka 1921 kiliundwa chama cha kuliokoa jengo lile, na mwaka 1955 likafunguliwa kuwa makumbusho. Walifanya jambo jema. Maji yangali yanapita, ila maji hayasimulii. Ni sisi wa kusema kwamba merikani ya bibi ilipita kwanza mikononi mwa mtumwa shambani, kisha vidoleni mwa mtoto aliyeunga uzi, ndipo ikafika begani mwa mpagazi wetu.