Maji ya Paa Yana Njia Yake

Mjini Mpanda mvua ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Anayechimba msingi Oktoba na kuuacha, Desemba huukuta bwawa la vyura.

Hesabu ni nyepesi: paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000, yaani madumu 250 ya lita 20. Bila gata, maji hayo huchimba chini ya ukuta hadi msingi ubaki wazi, na tofali mbichi zianze kumumunyika. Mtaro huchimbwa mapema, si baada ya kuhamia. Tena usielekee kwa jirani; ugomvi wake hauishi!

Na kama kiwanja kiko kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pimeni kabla ya kununua tofali.