Delta ya Tana: Malka Zikizibwa, Amani Huziba



Delta yetu si pori lisiloguswa na mtu. Kwa vizazi vingi Wapokomo wamelima mpunga na migomba kando ya mto, pale mafuriko yanapopungua na kuacha tope lenye rutuba. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei huleta ng'ombe wakati wa kiangazi, malisho ya nyikani yanapokauka. Wavuvi nao hutegemea maziwa kama Shakababo na Bilisa. Ardhi ni moja, lakini kila mmoja alikuwa na msimu wake, na malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni, ziliachwa wazi.

Utaratibu huo sasa umebanwa. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, kama Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamepunguza mafuriko ya kawaida. Maji ya mto yakipungua, ya bahari hupanda, na wakulima wa mpunga wa Ozi wanaijua chumvi yake. Ardhi yenye unyevu hupungua, wanaoihitaji hawapungui.

Mwaka 2012 Delta, yenye hekta 163,600, iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka huohuo zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kuilinda ardhioevu hii, basi, ni kulinda uhai wa watu pia.

Yapo yaliyo mikononi mwetu. Mosi, malka zisilimwe wala kuwekewa ua. Shamba linaloziba malka leo ni ugomvi wa kiangazi kijacho. Pili, mifugo isiingie mashambani kabla ya mavuno kutoka. Tatu, ukingo wa mto uachiwe miti yake, kwani ukilimwa mpaka majini hubomoka. Nne, anayetaka kuchimba mfereji au kukausha kinamasi apate kwanza kibali cha NEMA, kama kanuni za ardhioevu za mwaka 2009 zinavyotaka.

Ukiona malka imezibwa, mwone chifu au wazee wa kijiji mapema, kabla ng'ombe hawajafika. Maneno ya wakati huo hutosha.