Nyumba za Wazee na Bustani Zao

Ninyi mlioketi darasani pamoja na mwalimu wenu, fungueni madaftari. Na wewe uliye peke yako nyumbani na redio yako, chukua kipande cha karatasi, maana leo tutachora kidogo, na tutafanya hesabu moja.

Jambo la leo ni nyumba ya mtu aliyemaliza kazi. Mtu amefanya kazi miaka thelathini au arobaini. Sasa anakula pensheni, watoto wamekwenda zao, na nguvu zimepungua. Akae wapi? Wengi hujibu upesi: akae kwa watoto wake. Jibu hilo ni zuri, lakini si kila mzee analo. Wako wasio na watoto. Tena wako ambao watoto wao wamebanana mjini katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu. Namjua mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyehamia kwa mwanawe katika nyumba ya namna hiyo. Alilishwa vizuri, alivikwa vizuri, aliheshimiwa. Lakini ngazi zilimshinda, na siku nyingi zilipita asikanyage ardhi. Nilipomtembelea akaniambia, "Mwanangu, hapa sikosi kitu, ila sina mahali pa kutoka asubuhi nikatazama kilichoota." Neno lile halikunitoka moyoni, na ndilo lililonifanya nichague habari za leo.

Habari zenyewe zinatoka mbali, katika nchi ya Denmark, kaskazini ya Ulaya. Ni habari za msanifu wa majengo, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuchora ramani za nyumba na kusimamia zijengwe sawasawa. Jina lake ni Jørn Utzon. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni. Herufi ya pili ni o iliyokatwa kwa mstari. Ni herufi ya Kidenmark, nasi hatunayo. Na ile J ya mwanzo husomwa kama Y yetu.

Utzon alizaliwa mwaka 1918. Baba yake alikuwa mchoraji wa ramani za vyombo vya baharini, na kijana alikua akiona mafundi wakikunja mbao kufuata mstari uliochorwa kwenye karatasi. Alisomea usanifu katika chuo cha Copenhagen, akamaliza mwaka 1942, wakati nchi yake imeshikwa na majeshi ya Wajerumani. Wakati mbaya wa kuanza kazi! Alivuka kwenda Sweden akafanya kazi huko. Mwaka 1945 alikaa Finland muda mfupi katika ofisi ya Alvar Aalto, msanifu aliyekwisha kupata sifa. Baadaye alisafiri mpaka Morocco, akaona vijiji vilivyojengwa kwa udongo wa pale pale, nyumba zimeshikana, kila moja imegeuzia njia kisogo na kufungua uso wake ndani, kwenye ua.

Wasikilizaji wa Lamu na Unguja nadhani wamekwisha kutabasamu. Nyumba ya namna hiyo hawahitaji kufundishwa na mtu wa Denmark. Lakini ngojeni tuone alivyoitumia.

Vita vilipokwisha kazi zilikuwa chache, na vifaa vya kujengea vilikuwa haba. Utzon aliingia mashindano mengi ya kuchora majengo, na michoro mingi ilibaki karatasi tu. Vitu vilivyojengwa vilikuwa vidogo. Mwaka 1952 ulisimama mnara wake wa maji katika mji wa Svaneke, kisiwani Bornholm, mnara wenye miguu mitatu. Mwaka huo huo alimaliza nyumba yake mwenyewe huko Hellebæk, karibu na mji wa Helsingør, ndani ya msitu. Upande wa kaskazini wa nyumba ile ni ukuta mrefu wa matofali usio na dirisha. Upande wa kusini ni vioo vitupu.

Kwa nini hivyo? Hapa lazima tujue habari ya jua la kule. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu hupita juu ya kichwa, nasi tunalikimbia. Helsingør iko kaskazini ya ikweta kwa nyuzi 56. Mwezi wa Desemba mchana wake ni wa saa saba tu, na hata adhuhuri jua huinuka kidogo sana juu ya upeo, tena upande wa kusini. Upepo wa baharini ni baridi kali. Kwa hiyo mtu wa kule hulitafuta jua kama sisi tunavyotafuta kivuli cha mwembe. Ukuta wa kaskazini humkinga na upepo, na kioo cha kusini humletea jua. Msanifu asiyejua jua la mahali pake hajui kazi yake, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku.

Sasa tuchore. Mwaka 1953 kulikuwa na mashindano ya ramani za nyumba katika jimbo la Skåne, kusini ya Sweden, na Utzon akapata zawadi ya kwanza. Wazo lake lilikuwa hili. Chora mraba, pande nne sawa. Huo ni ukuta wa kiwanja. Ndani ya mraba, andika herufi kubwa L, mstari wake mmoja uegemee upande mmoja wa ukuta, na mstari wa pili uegemee upande wa jirani yake. Hiyo L ndiyo nyumba. Mkono mmoja una sebule na chumba cha kusomea. Mkono wa pili una jiko, vyumba vya kulala na bafu. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo ua, na ua ule ni bustani. Paa limeinama upande mmoja tu, kuelekea uani. Mtu anayepita njiani huona ukuta; mwenye nyumba, kila chumba anachoingia, huona mimea yake.

Wazo hilo Utzon alilipeleka kwao Helsingør, na halmashauri ya mji ikakubali. Kati ya 1956 na 1958 zilianza kuonekana pale nyumba 60 hivi, zinazoitwa nyumba za Kingo kwa jina la barabara yao. Hazikuwa majumba ya matajiri. Zilijengwa kwa msaada wa mikopo ya serikali kwa ajili ya watu wa kipato cha kawaida, na masharti ya mkopo yaliweka mpaka wa ukubwa wa nyumba. Hii ndiyo hesabu yetu. Kiwanja cha kila nyumba kilikuwa mita 15 kwa mita 15. Zidisha: 15 mara 15 ni 225, yaani mita za mraba 225. Tuseme nyumba yenyewe inachukua kama 105. Toa. Inabaki 120. Mmeona? Bustani imepata zaidi ya nyumba! Na kwa watu wa mkopo!

Jambo jingine ni namna alivyozipanga. Kiwanja cha Kingo kina vilima na bwawa dogo. Mtu mwingine angaleta mashine, akasawazisha vilima, akapanga nyumba kama askari kwenye gwaride. Utzon aliziacha zifuate mteremko, moja imesogea mbele kidogo, nyingine imerudi nyuma, kila moja ikigeuka kulipata jua lake. Mwenyewe alizifananisha na maua ya mcheri kwenye tawi, kila ua limegeukia jua. Na hapa lugha yetu inachekesha kidogo, kwa sababu ua la mti na ua wa nyumba ni neno moja kwetu. Waandike wote wawili: ua hili, maua haya, ua huu, nyua hizi. Msichanganye.

Basi tumefika kwa wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kilikuwako chama kilichoitwa Dansk Samvirke, chama cha Wadenmark waliokaa nchi za nje. Chama hiki kilitaka kuwajengea nyumba wenzao waliomaliza kazi ng'ambo na kurudi kwao. Fikirini hali ya mtu huyo. Ameondoka kijana, ametumika katika nchi ya watu miaka mingi, anarudi mzee. Rafiki zake wa ujana wamekufa au wamemsahau. Bei dukani hazijui. Hata maneno ya vijana yamebadilika. Ni mgeni katika nchi aliyozaliwa. Kwetu pia wako watu wa namna hii: mabaharia, watumishi wa reli, watu waliokwenda migodini wakarudi na mvi.

Mtu kama huyo ana haja mbili zinazogombana. Anataka kukaa kwa utulivu, bila kuchunguliwa. Tena anaogopa upweke. Ukimjengea nyumba ya peke yake mbali, upweke utamla. Ukimweka katika jumba kubwa lenye vyumba mia na korido moja, atapata watu, lakini hatakuwa tena bwana wa mlango wake. Majumba ya namna hii ya pili nimeyaona. Ni safi, sakafu inang'aa, na wazee wamekaa kwa mstari ukutani kama wanaongoja treni. Mimi siyapendi, nasema wazi.

Mahali palipochaguliwa ni Fredensborg, mji mdogo kaskazini ya Copenhagen, juu ya mteremko wenye majani. Nyumba zilikuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ziko 47 zenye ua, za umbo lile lile la L mlilochora, na nyingine 30 zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Zote zimejengwa kwa matofali ya rangi ya manjano. Nyumba za ua hazina ghorofa. Mzee hapandi ngazi kwenda kulala.

Sasa tembeeni nami kwa fikira. Gari linakuja kwa njia ya upande mmoja, nalo linaishia huko. Kutoka njiani huoni ila kuta na mabomba ya moshi. Unafungua mlango, unapita ndani, na mara ua uko mbele yako: waridi, mti wa matunda labda, kiti cha mzee kwenye pembe iliyopata jua. Nyuma ya kiti ni ukuta wa kuzuia upepo. Lakini ukuta wa upande wa mteremko una uwazi, na kwa uwazi ule mzee anatazama majani ya wote, yanayoshuka mpaka bondeni, mahali pasipopita gari lolote.

Ule uwazi wa ukuta ndio unaonipendeza kuliko yote. Kuta hazikukatwa kwa kipimo kimoja. Mahali ambapo jirani angeweza kuchungulia, ukuta umeinuliwa. Mahali penye mti mzuri wa kutazamwa, umeshushwa. Mzee akitaka kuwa peke yake, anasogeza kiti nyuma ya ukuta. Akitaka kumpungia mkono mwenzake anayepita, anakisogeza penye uwazi. Hakuna mtu wa kumwamuru. Hatua tatu tu, na anazihesabu yeye mwenyewe.

Na siku ambayo kuta zake zimemchosha? Katikati ya mtaa ule iko nyumba ya wote. Ndani yake mna ukumbi, vyumba vya kukutania, mahali pa kula pamoja, na vyumba vya kulala wageni. Hivyo vyumba vya wageni ni akili kubwa. Mzee hana haja ya kutunza chumba kitupu mwaka mzima kwa ajili ya mjukuu atakayekuja siku nne. Nyumba yake inabaki ndogo, rahisi kufagia, rahisi kutia moto wakati wa baridi, na mjukuu bado ana pa kulala.

Huenda jina la Utzon mmelisikia kwa jambo jingine. Mwezi wa Januari 1957, wakati kazi ya Kingo inaendelea, alishinda mashindano ya dunia ya kuchora jumba la muziki la Sydney, Australia, lile lenye mapaa kama matanga. Kazi ile ilimletea ugomvi mkubwa na serikali ya huko. Aliiacha mwaka 1966, na jumba lilipofunguliwa mwaka 1973 hakuwapo. Alikufa mwaka 2008. Picha ya jumba lile imechapwa kila mahali duniani. Nyumba za Fredensborg hazionekani hata kutoka barabarani, lakini watu wangali wanakaa humo, na waridi zinakatwa kila mwaka.

Mtaniuliza, je, tujenge hivyo kwetu? La, si hivyo hivyo. Sisi tukiwaelekeza wazee juani tutawaua kwa joto. Ua wetu unataka mti wa kivuli katikati, na kibaraza chenye paa pana. Maji ya bustani ni swali kubwa katika sehemu zenye kiangazi kirefu. Tena mzee wetu wengi hawatapanda waridi. Atapanda mchicha, bamia na mpapai, na hilo ni bora zaidi. Na baraza ya nje ya mlango, mahali pa kusalimiana na wapitao, Wadenmark hawanayo, sisi tusiitupe. Lakini utaratibu wa kupima ua kabla ya kupima vyumba, huo unaweza kusafiri.

Kazi ya juma hili ni hii. Wanafunzi, tafuteni kamba ya mita 15 na vigingi vinne. Nendeni kwenye uwanja ulio karibu na darasa, mpime mraba, kisha mpige L ndani yake kwa kamba nyingine au kwa unga wa majivu. Mchagueni mmoja aliye mkubwa kwa umri kuliko wote, mpeni kiti, mwambieni akiweke anapotaka, asubuhi, na tena alasiri. Andikeni mistari mitano: alikiweka wapi, na kwa nini alikihamisha. Mwalimu atayakusanya madaftari, nami nitasoma baadhi ya majibu yenu juma lijalo, saa hii hii. Kwaherini.