Madigadi na Keria: Yafaa Kufungwaje Kabla ya Mvua Ndefu

Mazungumzo kwa wakazi wanaokwenda kazini, sokoni na shuleni kwa baiskeli



Mvua ndefu zikishaanza, anayetoka Ahero kuelekea Kisumu mjini kwa baiskeli isiyo na madigadi hujulikana kwa mgongo wake. Hufika na mstari wa matope kutoka kiunoni hadi shingoni. Shati hufuliwa likaisha. Matope yanayoingia kwenye cheni na breki hula pesa, na madigadi au keria iliyofungwa ovyo inaweza kumwangusha mtu mbele ya matatu. Ndiyo sababu mazungumzo haya yanahusu kufunga zaidi kuliko kununua.

Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya gurudumu la inchi 28, haina taabu kubwa. Hutoka dukani na madigadi za chuma na keria ya kubeba mtu. Taabu iko kwa baiskeli za mtumba, nyepesi, za gia na tairi nyembamba. Nyingine ziliundwa kwa mbio, na hazikuwahi kukusudiwa kubeba hata mkoba. Mwenyewe humpelekea fundi, naye fundi hufunga alichonacho.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, fremu itazamwe karibu na ekseli ya nyuma. Fremu iliyokusudiwa mzigo huwa na vitundu vyenye nyuzi za bolti hapo chini, na vingine juu karibu na kiti. Bolti yake kwa kawaida ni ya milimita 5, na nati yake hushikwa na spana nambari 8. Penye vitundu viwili kila upande, kimoja ni cha madigadi na kingine cha keria. Penye kimoja tu, bolti moja ndefu inaweza kushika vyote viwili, lakini mguu wa keria ukae ndani, ukigusa fremu, kwa kuwa ndio unaobeba uzito. Upande wa cheni bolti isitokeze kwa ndani. Ikitokeza kidogo tu, cheni itaikwaruza kila inapokaa kwenye gia ndogo kabisa. Dawa ni kuikata au kuongeza washa nje.

Fremu isiyo na vitundu inaweza kuvishwa klipu za chuma zenye mpira ndani. Klipu hizo zinatosha kushika madigadi, na pengine keria ya mkoba mwepesi. Gunia halina nafasi hapo. Fremu ya kaboni isibanwe na klipu kabisa, maana inaweza kupasuka.

Sasa madigadi zenyewe. Madigadi iwe pana kuliko tairi: tairi ya milimita 35 hufunikwa vizuri na madigadi ya milimita 45 hivi. Kati ya tairi na madigadi iachwe nafasi ya milimita 10 au zaidi, karibu unene wa kidole. Kipimo hicho ni cha lami. Anayepita njia za ndani za Kano anaijua ile ardhi nyeusi inayonata kama unga wa ugali mbichi. Huko nafasi ya kidole hujaa kwa hatua chache, gurudumu likagoma, na mwendeshaji akashuka kutafuta kijiti cha kuchokoa. Kwa njia kama hiyo madigadi ndefu inayokumbatia tairi ni adui. Afadhali ile fupi ya plastiki inayofungwa kwenye paipu ya kiti na kukaa juu sana ya tairi, hata kama itaacha maji kidogo yapite.

Madigadi ya mbele ndiyo ya kuogopwa. Kijiti au kipande cha waya kikinaswa kati ya tairi na madigadi, gurudumu hukivuta juu pamoja na madigadi yenyewe, ikajikunja chini ya foku na kulifunga gurudumu ghafla. Mwendeshaji huruka juu ya usukani. Ndiyo maana madigadi nyingi nzuri za mbele zina vishikizo vidogo vya plastiki vinavyochomoka zikivutwa kwa nguvu. Watu huvidharau kwa sababu vinaonekana dhaifu, na kikivunjika kimoja, fundi huweka waya aliousokota kwa koleo. Hapo kinga imeondolewa. Kishikizo kibadilishwe kwa kingine kama hicho, au madigadi ya mbele itolewe kabisa hadi kipatikane.

Ncha za vyuma vya kushikilia zikatwe, zipigwe tupa na kufunikwa. Kisha mwendeshaji akae juu ya kiti, pedali ikiwa mbele, na kugeuza usukani polepole pande zote mbili. Kidole cha mguu kikigusa madigadi, ajue mapema, akiwa bado uani.

Mwisho wa madigadi ya mbele uongezwe kipande cha mpira au cha mtungi wa plastiki ulioisha, kining'inie chini kiasi, bila kuburuta. Hugharimu karibu bure, na ndicho kinachoziweka kavu cheni na miguu.

Kuhusu keria, kuna jambo moja ambalo wengi hawalisomi: uzito ulioandikwa juu yake. Keria nyingi za aluminiamu za baiskeli za mjini huandikwa kilo 25. Gunia la mchele la kilo 50 ni mara mbili yake, na mtu mzima ni zaidi. Anayebeba mizigo hiyo atafute keria ya chuma kwenye baiskeli ya chuma, na rimu na spoku za kuimudu. Mzigo ulale juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi mlimani na usukani huyumba.

Ncha za mipira ya tyubu ya kufungia mzigo zichomekwe ndani, zisining'inie kwenye spoku. Mtoto anayebebwa nyuma awe na kiti chake, pa kukanyagia, na kinga kati ya kisigino na spoku. Kisigino cha mtoto huingia mara moja, na baba hajui mpaka asikie kilio.

Barabara ya murram hulegeza nati. Zitumike zile zenye plastiki ndani, au nati mbili zikibanana, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza na baada ya wiki moja. Asubuhi, kabla ya kutoka, baiskeli iinuliwe kiasi cha kiganja na kuachiwa ianguke kwa magurudumu yake. Kikisikika kitu kinagongana, spana ichukuliwe kwanza.