Nunueni Siku, Msinunue Kilele

Mazungumzo na wananchi wa kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, kuhusu safari za milima ya volkano wakati wa kipupwe



Tumefika katika majira ambayo masika yamekwisha, mahindi yamevunwa na fedha kidogo imeingia mkononi. Ndiyo majira ambayo shule hupanga safari za wanafunzi, vikundi hugawana akiba, na vijana huambiana kwamba mwaka huu nao wakaupande Mlima Kilimanjaro. Hilo ni jambo jema. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera ya nchi yetu juu ya kilele hicho, nasi hatuoni kwa nini mwana wa Kilosa auone mlima huo kwenye picha tu.

Hatukuja, basi, kumzuia mtu. Tumekuja kuzungumza juu ya ununuzi. Mtu anayelipia safari ya mlima ni mtumiaji wa huduma, sawasawa na anayenunua mbegu dukani. Mbegu mbovu hukutia hasara ya msimu mmoja; safari mbovu ya mlima yaweza kukutia hasara isiyolipika.

Majira na soko lake

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Njia za milimani hazina utelezi mwingi, na anga huwa wazi asubuhi. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani hayo ni majira ya joto na ya mapukutiko, wakati wa likizo zao ndefu, nao huja kwa wingi. Kwa hiyo soko hujaa: wageni wengi, bei za juu, vitanda vichache na madalali wa safari kila stendi. Mwenye haraka na asiyeuliza ndiye anayeumia.

Mwisho wa majira hayo una hatari nyingine ambayo ninyi wakulima mnaijua kuliko sisi. Kufika Septemba na Oktoba majani yamekauka, na cheche moja yatosha. Mlima Kilimanjaro uliungua Oktoba 2020, ukaungua tena Oktoba 2022. Anayekwenda miezi hiyo asiwashe moto nje ya mahali palipoelekezwa, wala asitupe kipande cha sigara.

Milima ya volkano na milima yetu

Milima mnayoiona kutoka huku, Rubeho na Ukaguru, ni ya Tao la Mashariki. Ni miamba mikongwe sana iliyoinuliwa kutoka chini ya ardhi, na chemchemi na misitu yake ndiyo inayolisha mito yetu. Kilimanjaro, Meru, Ol Doinyo Lengai na Rungwe ni milima ya namna nyingine. Imejengwa na lava na majivu yaliyotoka ardhini tabaka juu ya tabaka.

Tofauti hiyo ina maana kwa mpandaji. Mlima wa volkano mara nyingi husimama peke yake na kuinuka moja kwa moja kutoka uwandani, hivyo mtu hupanda mita nyingi kwa siku chache. Sehemu zake za juu ni changarawe na majivu yanayoteleza chini ya mguu. Maji ya mvua huzama haraka, na juu mtu aweza kutembea saa nyingi bila kuona kijito. Aliyezoea kupanda Rubeho akitafuta kuni ana miguu imara, lakini miguu peke yake haitoshi.

Kinachouma juu ya mlima ni hewa

Kilosa mjini iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895, na huko kila pumzi ina takriban nusu tu ya oksijeni tunayoivuta pwani. Mwili unaweza kuizoea hewa hiyo kwa kiasi, lakini huhitaji muda, na muda huo hauharakishwi kwa ujana wala kwa mazoezi ya mpira.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishie, na zikizidi ashuke. Dalili za hatari kubwa ni kukosa pumzi hata mtu akiwa ameketi, kikohozi chenye povu, kupepesuka kama mlevi, na maneno yasiyopangika. Hapo mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba. Tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya kutuliza maumivu si ruhusa ya kuendelea. Mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasiongezeke kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku, na kila baada ya siku 3 au 4 pawe na siku ya kupumzika. Sasa tuitazame njia ya Marangu, ambayo Watanzania wengi huichagua kwa kuwa ina vibanda vya kulala. Kibanda cha Mandara kiko karibu na mita 2,700, Horombo karibu na 3,700, na Kibo karibu na 4,700. Kila usiku ni ongezeko la mita 1,000, yaani mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Katika safari ya siku 5, mtu hulala Mandara, Horombo na Kibo, kisha huamshwa usiku uleule wa tatu kwenda kileleni. Katika safari ya siku 6, hulala Horombo mara mbili, akatembea mchana kwenda juu na kurudi kulala palepale. Siku hiyo moja ndiyo mara nyingi hutenganisha anayefika na anayebebwa kwenye machela.

Ndiyo maana tunasema: nunueni siku, msinunue kilele. Wakala akikwambia safari yake ni nafuu kwa sababu ni fupi, ujue amekupunguzia kitu kilekile ambacho mwili wako unakihitaji. Na akikuahidi kwamba utafika kileleni bila shaka yoyote, anauza kisicho chake. Hakuna mtu anayemiliki kilele.

Kila mlima na masharti yake

Mlima Kilimanjaro hauruhusiwi kupandwa bila mwongozaji mwenye leseni. Usiku wa kilele baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri. Koti zito, glavu, kofia na tochi ni vifaa vya lazima, na mkataba useme nani anavitoa.

Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500, uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ulilipuka kwa mara ya mwisho, kwa kiasi kidogo, mwaka 1910. Sehemu zake za chini zina nyati na tembo, kwa hiyo wapandaji huongozana na askari wa hifadhi mwenye silaha. Kundi lisimwache nyuma kwa haraka ya vijana, wala lisijigawe.

Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuheshimu kama Mlima wa Mungu, haufiki mita 3,000, lakini msidanganywe na kimo hicho. Ni volkano hai, na lava yake ni ya aina ya pekee duniani, nyeusi inapotoka na nyeupe ikishapoa. Mlipuko wa mwaka 2007 na 2008 ulirusha majivu mbali na kubadilisha sura ya kilele. Hupandwa usiku, kwa kuwa mchana jua ni kali na hakuna kivuli wala maji. Mpandaji hubeba maji yake yote. Kabla ya kulipa, ulizeni hali ya mlima ikoje wiki hiyo, na mkataba useme fedha zitarudishwaje iwapo mlima utafungwa.

Kwa aliyeko Kilosa, milima ya Rungwe hufikika kwa barabara kuu ipitayo Mikumi, Iringa na Mbeya. Ziwa Ngozi, lililojaza kreta ya volkano, hufikiwa kwa matembezi ya msituni ya siku moja, na Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira liliumbwa na lava. Hii ni safari inayofaa shule na watu wa rika zote, kwani haimfikishi mtu kwenye hewa nyembamba ya Kilimanjaro. Hata hivyo, katika ardhi ya Rungwe hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka chini kwa wingi, hata huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama mabondeni. Wenzetu wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, huiita mazuku, nao wanajua kwamba huua kimya kimya. Kwa hiyo watoto wasiteremke kwenye mashimo na vibonde wasivyoonyeshwa na mwenyeji.

Nani hulipia bei ya chini?

Wapagazi wa Kilimanjaro huitwa wagumu, na jina hilo wamelistahili. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mizigo ya safari. Bei inaposhuka kupita kiasi, ada ya hifadhi haishuki, na mafuta ya gari hayashuki. Kinachoshuka ni ujira wa mgumu, chakula chake na blanketi lake. Wengine wa vijana wetu huenda kuitafuta kazi hiyo. Tunawaomba waulize kwanza ujira wa siku, mahali pa kulala na nguo za baridi. Na ninyi wanunuzi mwulize hayo kwa niaba yao.

Maswali saba kabla ya kulipa

1. Leseni ya biashara ya utalii ya mwaka huu iko wapi? Hutolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Isomeni wenyewe, na jina lililomo lilingane na la anayepokea fedha.

2. Ada za hifadhi zitalipwaje? Hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Mwananchi hulipa kwa shilingi, na kiwango chake ni cha chini sana kuliko cha mgeni. Chukueni vitambulisho vyenu vya taifa.

3. Safari ni siku ngapi, na kila usiku tunalala mita ngapi?

4. Nani anaamua mtu ashuke? Mkataba useme ni mwongozaji, na kwamba anayeshushwa hasindikizwi na mgonjwa mwenzake wala haachwi peke yake.

5. Gharama za kumshusha mgonjwa na za hospitali ni za nani? Kama kuna bima, tuione.

6. Bei inajumuisha nini: chakula, maji, vifaa, usafiri wa kurudi?

7. Tukiahirisha, au mlima ukifungwa, tunarudishiwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Majibu yaandikwe. Daini risiti ya mashine ya kielektroniki. Tunzeni tangazo mlilolisoma na ujumbe wa simu mliotumiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mteja, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kuisimamia. Lakini tume au mahakama haiwezi kufuata neno lililosemwa stendi na kupeperuka na upepo. Karatasi ndiyo shahidi wenu.

Ndugu wananchi, tumalizie na jambo lililo gumu kuliko yote. Mtu aliyechangiwa na kikundi, aliyeagwa na kijiji kizima, huona aibu kurudi bila picha ya kileleni. Aibu hiyo imewapandisha watu waliopaswa kushuka. Tunawaomba mwiondoe mapema, hapa nyumbani, kabla safari haijaanza. Mwambieni kijana wenu, mbele ya mkutano, kwamba akishuka kwa afya yake mtampokea kwa heshima ileile. Wakala hauzi ruhusa hiyo. Ni ninyi mnaoweza kumpa, na haina gharama.